Nyumba Zetu za Katikati ya Mteremko

Mjukuu wangu Somoe,

Marahaba. Hatujambo, ila magoti yangu yamechoka.

Umeuliza kwa nini tunaishi katikati ya mteremko. Wakati wa ujamaa tulihamishwa bondeni kwa sababu ya mafuriko, tukapelekwa juu kabisa, kwenye genge la mlima. Kisima kilichochimbwa kule hakikutoa maji, kwa hiyo tukawa tunateka mtoni na kupanda nayo. Siku moja mama yangu alitua ndoo hapa katikati, penye mnara wa mashujaa wa Majimaji, akaketi.

Mpimaji wa viwanja akamwambia, "Mama, kwako ni juu."

"Nimechoka, baba. Nitajenga hapa."

Mpimaji akajitwisha ile ndoo ampelekee, akapanda kidogo, akarudi akihema. Akapima kiwanja palepale.

Nawe ukichoka huko, mwanangu, keti.

Bibi yako