Soksi za Marehemu Zinarudi Uani Kwangu Zimetoboka

Shangazi Tatu, shikamoo. Nimekuwa nikisoma majibu yako kila Jumapili nikidhani wenye shida ni watu wengine, kumbe zamu yangu ilikuwa njiani, na leo naomba unisaidie kabla mume wangu hajachoma kitu ambacho mimi naogopa hata kukigusa.

Mimi ni mkulima wa mboga huku Lushoto, upande wa Irente, na nikipata nafasi nafuma sweta na soksi, kazi niliyojifunza kwenye kikundi cha akina mama. Mwishoni mwa mwaka jana kijana mmoja wa ng'ambo ya bonde, Tobia Kornelio, alikuja kwangu anachechemea. Kata ilikuwa imemwandikisha kukimbia marathoni ya Saba Saba kule Korogwe, kilomita arobaini na mbili, na yeye hajawahi kukimbia zaidi ya kumi, na soksi za nailoni za dukani zilikuwa zimemtoa malengelenge mpaka raba zina damu. Nikafumua sweta kuukuu la sufu, nikamfumia soksi nyembamba zisizo na mshono vidoleni, akaenda nazo, na baada ya wiki mbili akarudi anacheka, "Dada Mwanaisha, leo nimefika Soni na kurudi, na miguu haina habari kama tumetoka!" Tangu hapo zikitoboka kwenye kidole gumba ananiletea, naziziba.

Mwezi wa tatu alikuja mbio, saa nzima katika mvua, kupimwa jozi mpya, nami, Mungu anisamehe, nilimsimamisha barazani amelowa chapachapa huku nampima unyayo polepole, kama dakika kumi, kwa sababu nilitaka jozi ile ipite zote kwa uzuri. Siku ya nne akashikwa na homa ya mapafu, na siku ya kumi na moja tukamzika. Jozi ile niliimalizia matangani, nikampa mama yake, Mama Secilia, ambaye ni mjane na hana mtoto mwingine, naye akaifunga kwenye msalaba wa kaburi.

Shangazi, wiki mbili baadaye nilitoka asubuhi kwenda kuchota maji nikazikuta soksi zile zimetundikwa juu ya ua wangu wa mimea ya masale, zina tope la barabarani na zimetoboka chini, kama vidole viwili mbele ya kisigino. Nilizifua na kuziziba, nikazirudisha palepale uani maana sikutaka zilale ndani, na kesho yake hazikuwepo. Mpaka leo zimerudi mara tano. Mbwa wetu, anayemfokea hata mwenyekiti wa kijiji, habweki. Mara ya nne nilizikuta bado zina joto, kama zimevuliwa sasa hivi.

Sijamwambia mtu ila mume wangu, Mbaraka, naye anasema nizichome nisimletee mambo ya makaburini. Lakini juzi kwenye foleni ya sukari Mama Secilia alinijia anachechemea, akanishika mkono akaninong'oneza, "Usiache kuziziba, mwanangu. Saba Saba bado." Je, Tobia amekuja kunidai mvua ile? Nizichome au niendelee?

Mwanaisha, Lushoto, Mei 1975

JIBU

Mwanaisha mwanangu, marahaba. Pole sana. Jibu hili nakutumia kwa posta kwanza, kwa sababu jambo lako haliwezi kungoja zamu ya gazeti.

Nianze na mvua. Ulikosea, mgeni aliyelowa huingizwa ndani akapewa kitu cha moto. Lakini kijana alikuwa amekwisha kukimbia saa nzima katika mvua kabla hajafika kwako. Jilaumu kwa uzito wa dakika zako kumi, usijibebeshe kifo kizima.

Sasa tumia macho yako ya ufumaji. Tobia alikuwa anatoboa kidole gumba. Hizi zinatoboka mbele ya kisigino, yaani kisigino cha anayezivaa hakifiki kwenye kisigino cha soksi. Huo ni mguu mfupi, wa mtu mzito anayekanyaga kwa nyuma, mtu asiyezoea kukimbia. Marehemu hapungui unyayo. Na wewe ulisema hukumwambia mtu ila mumeo. Mama Secilia alijuaje kwamba unaziba? Na anachechemea kwa nini? Ulikuwa na majibu yote mkononi ukanijazia karatasi kwa hofu.

Usichome kitu. Amka mapema, kaa kando ya barabara ya kaburini kweupe, usijifiche vichakani kama mwizi. Mama Secilia atakapopita, mpe shikamoo yake kwanza. Kisha mpime mguu jioni, ukiwa umevimba kidogo, umfumie zake mwenyewe: zimkae kama ngozi, zisiwe na fundo wala mkunjo, na azizoee katika safari ndefu si chini ya tatu. Soksi mpya hazivaliwi siku ya mbio. Na asikimbie peke yake.

BARUA YA PILI

Shangazi, shikamoo. Nilifanya kama ulivyoniagiza, na ulisema kweli, na bado nakuandikia.

Nilikaa kwenye kona ya barabara ya kaburini ukungu ukiwa umeziba bonde lote, nikasikia nyayo, puu, puu, taratibu, nikataka kukimbia nyumbani. Akatokea Mama Secilia, khanga ameifunga kiunoni, raba za mwanawe miguuni. Nikamwamkia. Akasimama, akaniambia bila aibu, "Jina lake halijafutwa kwenye orodha, Mwanaisha. Siku hiyo wataliita. Nani ataitika?" Kisha akanishukuru. "Naziacha msalabani zimetoboka, nazikuta msalabani zimezibwa. Najua ni mbali kwako kuvuka bonde kuzifuata, na unazirudisha, na hujanidai hata asante."

Shangazi, mimi tangu siku ya mazishi sijakanyaga kaburini. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaona uso wake, nikaufunga.

Nilimfumia jozi yake. Tukawa tunatoka pamoja, mimi na baiskeli ya Mbaraka, yeye kwa miguu, na zile za Tobia zikabaki msalabani, hazikuja tena uani, nikaanza kulala. Saba Saba tulishuka Korogwe na lori la kata. Msimamizi akaita, "Tobia Kornelio!" Mama akasema, "Nipo." Watu wakacheka, kisha mtu wa kata yetu akamnong'oneza msimamizi, naye akavua kofia akamwonyesha mahali pa kusimama. Alifika mwisho jua linazama, viti vimeshaanza kupakiwa, anatembea, midomo imepauka. Hakuna aliyempigia makofi. Walisimama tu wote, mpaka akavuka, ndipo vigelegele vikaanza.

Tuliporudi alinituma nizitundike soksi zake msalabani pamoja na zile za mwanawe, nami nikaenda na Mbaraka mchana, nikazifunga kwa mkono wangu mafundo mawili. Tangu hapo Mama Secilia hajainuka kitandani, miguu imevimba, mimi ndiye ninayempikia uji. Jana asubuhi jozi zote mbili zilikuwa juu ya masale yangu. Za mama zimetoboka, hiyo ni haki yake, amekimbia. Lakini za Tobia nilizifunga nzima, nazo zimetoboka, safari hii kwenye kidole gumba.

Mbaraka hasemi tena tuchome. Ameketi barazani anaziangalia. Na yule mama bado anaamini ni mimi niliyekuwa nakwenda na kurudi. Nimwache hivyo? Au nimwambie?

Mwanaisha

JIBU

Mwanangu, nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilimwita mwenzangu wa ofisini akae karibu.

Nani anazibeba kutoka msalabani hadi kwako, sijui. Barua ya kwanza nilikuwa na majibu mengi, na nilikukaripia kwa kuogopa. Hii sina jibu, na karipio lile nalirudisha. Lakini hukuniuliza ni nani. Umeniuliza umwambie au usimwambie, na hilo nalijua.

Mwambie. Umekuwa ukipokea shukrani isiyo yako, na kila siku inayopita unazidi kumnyima habari inayomhusu mwanawe. Unaogopa kwamba habari hiyo itamtisha. Imekutisha wewe, uliyepoteza mteja. Yeye alipoteza mtoto.

Kwanza ziba jozi zote mbili, uzifue, uzikaushe juani. Kisha nenda asubuhi, siyo jioni. Mwache amalize uji. Mbaraka akae mlangoni. Mwekee soksi mapajani, umweleze ulichokiona tangu siku ya kwanza, bila kupunguza wala kuongeza, na usimwambie maana yake ni nini. Akilia, mwache alie. Akicheka, mwache acheke. Akikuomba umsindikize kaburini, mpandishe kwenye baiskeli umpeleke.