Mgomba Ndani ya Sanda

Kwa dada yangu mpenzi Mwanaheri, Tabora.

Shikamoo dada. Mimi mdogo wako ningali mzima wa mwili, na naomba Mungu barua hii ikukute wewe, shemeji na watoto katika afya njema. Umeniuliza habari za mama. Nitakujibu, lakini nivumilie kidogo, maana kabla hujaamua kuniamini, lazima ujue kwanza nilichokifanya huku Morogoro.

Ulisikia nimepandishwa cheo pale boma. Ni kweli, na sasa nakwambia kwa nini. Mwaka jana jumbe mmoja wa upande wa Mkuyuni alipigwa risasi akila chakula barazani kwake. Binamu yake, aliyekitaka cheo chake cha ujumbe, alikuwa amemkodi mwindaji wa milimani aitwaye Pazi, na alipobanwa akamtaja mara moja. Bwana shauri, yule Mzungu wa boma, akanipa mimi kazi ya kumleta huyo Pazi.

Dada, yule mtu alinitesa. Masika yote nilipanda na kushuka Uluguru, miguu ikavimba, na kila nikifika kijijini naambiwa katoka sasa hivi. Waluguru walinipa ugali, wakanitania kwamba Mnyamwezi hajui mlima, wakacheka, ila Pazi hakuna aliyemwona. Bwana shauri naye akaanza kuniuliza kama nisingefaa zaidi kubeba mizigo. Maneno hayo yaliniuma.

Ndipo shetani akanionyesha njia. Nilimchukua mama yake Pazi, Bi Mwajuma, nikamfungia boma eti kwa mahojiano. Kisha nikakata mgomba wenye kimo chake, nikaufunga ndani ya sanda, nikaupeleka kijijini kwao, nikasema amekufa kwa homa. Unajua mwenyewe, sisi na Waluguru ni watani, na maiti ni ya watani. Ndio wanaoosha, ndio wanaozika, na hakuna ndugu anayewaingilia. Nikasema nimekwisha kusimamia kila kitu, hakuna haja ya kufungua. Wakaniamini. Niliingia kaburini mwenyewe kuupokea ule mgomba, nikatania kama desturi, wakacheka huku wanalia.

Pazi alikuja siku ya hitima, mchana kweupe, bila bunduki, kwa kuwa msibani haendi mtu na silaha. Askari wangu walimkamata amepiga magoti kaburini. Nilimwambia mama yake yu hai, nikidhani nitampoza moyo. Alinitazama, akasema, "Mtani, hata kwa maiti?"

Pazi alinyongwa. Alikuwa muuaji, simtetei. Yule jumbe aliacha watoto wadogo. Lakini nilipomfungulia Bi Mwajuma na akarudi kwao, watu walimkimbia, na kaburi lake likawa lipo pale linamngoja. Naona haya hata kuandika. Tangu hapo hakuna Mluguru anayenitania. Nikianza utani mimi, wananijibu kwa adabu, kama mgeni.

Sasa nakujibu, dada. Mama amefariki Alhamisi, kwa homa, nikiwa nimemshika mkono. Wanawake wa jirani walimwosha, wakamvisha sanda. Niliwapelekea watani habari, hawakuja. Nikaenda mwenyewe kuwaomba. Mzee wao aitwaye Maneno akasema kwa upole kwamba watakuja, ila kwanza wauone uso. Nikawaleta nyumbani nikafungua sanda, nao wakainama mmoja mmoja, wakamtazama mama yetu. Ndipo wakachukua majembe. Hakuna aliyetania, dada. Tulimzika kimya.

Wewe hukuwapo kuuona uso, na habari hii inatoka kwangu. Ukiwa na shaka sina la kukulaumu. Muulize yeyote anayetoka Morogoro. Lakini usingoje jibu ndipo ulie. Safari hii ni mama.

Nisalimie shemeji, na watoto uwaambie bibi yao aliwataja kila mmoja kwa jina. Mungu atupe subira sote.

Ni mimi mdogo wako,
Stambuli