Nani Analinda Friji ya Chanjo

Jumatatu, 9 Machi
Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi. Kawaida. Nikafika kituo cha afya, nikawasha kompyuta, nikanywa chai. Huduma ya kengele haikuwaka. Ndiyo inayosoma joto la friji ya chanjo. Likipanda inatuma ujumbe kwangu na kwa Mama Kavira, muuguzi wetu. Neno jekundu tu: imeshindwa. Na sikugusa kitu leo!

Jumanne, 10 Machi
Nimebadilisha laini ya simu. Nimebadilisha waya wa kipimajoto. Bado. Jumamosi watoto wa Mugunga wanachanjwa, na chanjo yao yote iko humo. Ikipata joto ni ya kutupa. Mama Kavira ameweka kiti karibu na friji. "Papa Espoir, mashini yako ikilala, miye sitalala." Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 11 Machi
Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yetu, inalalamikia faili la mipangilio ya kengele, mstari wa tatu. Niliuandika mwenyewe wiki iliyopita, Mama Kavira aliponiomba kengele ilie mapema, kabla ya digrii nane. Sikuwasha huduma upya siku ile, ikaendelea na kikomo cha zamani mpaka umeme ulipokatika. Basi kosa ni langu. Lakini kosa gani? Kikomo = 7,5. Saba na nusu. Nimeufuta, nimeuandika tena vilevile. Mjinga mimi.

Alhamisi, 12 Machi
Sijala. Umeme unakuja na kuondoka. Nimekaa kwenye kiti cha Mama Kavira apumzike kidogo, macho kwenye kipimajoto. 6.8. Kisha 6.9. Naogopa hata kupepesa.

Nukta!

Tangu shule ya msingi tunaandika nusu kwa mkato, kama Wafaransa. Mashine inataka nukta. Nimekimbia kwenye kompyuta, nimeandika 7.5. Huduma imewaka, kijani. Nimelia, na sioni aibu.

Jumapili, 15 Machi
Jana watoto walichanjwa wote. Makelele yalifika barabara ya Sake.

Leo katikati ya misa simu ikatetemeka: joto limepita kikomo. Nikarukia pikipiki, roho mkononi. Nikamkuta Mama Kavira ameshikilia mlango wa friji, wazi. Ilikuwa tupu tangu jana. Hilo nililikumbuka nikiwa nimeshafika.

"Nilitaka nione kama itakuita. Sasa najua frigo iko na mutu."

Nilitaka kugomba. Nikakaa kwenye kiti chake. Akafunga mlango, akanimiminia chai, tukatazama namba zikishuka.