Kuondoa Matanga ya Filomena kwa Bei za Leo

Murokai, Siwai,
Bougainville Kusini.
14 Agosti 2024.

Mpendwa Shemeji Klotilda,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Townsville, na juu ya mikono yako inayofua mashuka ya wazee wa watu. Je, goti limepoa? Mimi ni mzima kwa miaka yangu sabini na minane; ni macho tu yanayonikatalia kusoma misale jioni.

Niwie radhi, nakuomba kwa unyenyekevu, kwa kukaa miezi mitano bila kuijibu barua yako. Uliniandikia kwamba utafanya kazi miaka miwili zaidi ndipo uje tuondoe matanga ya Filomena, dada yako na mke wangu, kwa kuwa gharama za orodha niliyokutumia ni kubwa. Niliposoma hayo niliona aibu, maana kosa ni langu.

Orodha ile iliandikwa na vijana wa ukoo, katibu wao akiwa Paskali, mwana wa marehemu dada yenu Ludwina: nguruwe sita, kila mmoja kwa fedha yetu kina elfu tatu, marobota ishirini ya mchele, kuku wa barafu, vipaza sauti vya kukodi kutoka Arawa. Nilimuuliza vipaza sauti ni vya kumwamsha nani. Akacheka. "Baba mkubwa, kakao imepanda bei. Tukipika magimbi matupu, watu watasema tumemfukia mama mkubwa kama paka." Nami, mwalimu mstaafu, nikainakili kwa mwandiko mzuri na kukutumia.

Ni kweli kakao imepanda. Kijana akiuza magunia mawili hupata zaidi ya mshahara wangu wa mwezi nilipostaafu. Lakini kilo ya mchele ni kina saba, kopo la samaki kina nane, na fedha hulala nyumbani usiku mmoja tu. Wala siisifu dhiki ya baada ya vita. Chumvi tuliifuata baharini mwendo wa siku mbili, tukachemsha maji. Taa ziliwaka kwa mafuta ya nazi. Kidonge cha malaria hakikuwapo. Leo zahanati ina dawa, namshukuru Mungu.

Hata hivyo, kumbuka mwaka wa tisini na nane, tulipoondoa matanga ya mama yenu. Nguruwe alikuwa mmoja, tena mwembamba. Wewe ulitoka kwenye kambi ya askari wa serikali, sisi tulitoka msituni, na kwa miaka saba ya vita watu walikuwa hawajatazamana usoni. Filomena akakusukumia mchi. "Twanga, mdogo wangu. Umenenepea mchele wa serikali, sasa ufanyie kazi." Ukamjibu, "Na wewe umekondeana kwa ubishi." Mkacheka mpaka mkalia, nasi sote tukala tamatama ya magimbi na tui katika bakuli moja. Hakuna aliyeuliza bei.

Shemeji, wajua desturi ya ukoo wenu: mgane hagusi tamatama mpaka ndugu wa kike wa marehemu aitwange na kumlisha tonge la kwanza. Ludwina hayupo; umebaki wewe. Miaka miwili sasa, jirani wakitwanga, mimi huenda kutembea kando ya mto harufu isinifikie. Hilo ni dogo. Ila miaka miwili mingine, kwa umri wangu, siwezi kukuahidi.

Basi nakusihi, usingoje fedha. Njoo Krismasi na mikono yako tu. Magimbi nimepanda mwenyewe katika bustani ya Filomena, na nguruwe mmoja ninaye. Nilipomwambia Paskali alitwaa kalamu na ile orodha. "Basi vipaza sauti navifuta, Baba mkubwa. Lakini robota moja la mchele uniachie, nisiaibike mbele ya wakwe." Nimemwachia.

Anakusalimu sana, pamoja na mkewe, na Mama Apolonia wa kwaya. Bwana akufunike kwa mkono wake, njiani na kazini.

Shemeji yako mwenye kukupenda na kukustahi,
Blasius Nopui

Barua hii inaletwa na Sista Imakulata, anayekuja huko kutibiwa. Nilimwomba akuchukulie na kokwa za mti wa ngali za kutia kwenye tamatama. Akasema watu wa forodha watamnyang'anya. Nimezirudisha juu ya moshi wa jiko la Filomena. Zitakungoja hapo.