Kikohozi cha Mama Kilivyofuata Zamu Yangu

Nyumba Na. 14,
Mtaa wa Nyuma ya Kiwanda,
S.L.P. 212.
9 Agosti

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na mkeo bado anakuvumilia. Sisi hatujambo. Dada yako ni mzima na ameanza kunipimia chakula kwa kijiko, eti tumbo langu linaingia mlangoni mimi nikiwa bado barabarani. Watoto wanasoma, au angalau wanakwenda shule. Mama yenu naye hajambo, na hasa ni kwa ajili yake nimekaa chini kuandika.

Barua yako ya mwezi wa sita ilifika. Nakiri niliikalia wiki nzima kabla ya kumsomea mwenyewe. Ulisema moshi wa kiwanda chetu utammaliza mama, na kwamba mwisho wa mwezi huu wa nane utakuja kumchukua akaishi kwako. Shemeji, hofu yako haikuwa ya bure. Lakini kuna jambo hukulijua, na mimi niliyelala nalo nyumba moja sikulijua pia. Nisome hadi mwisho kabla hujakata tiketi.

Tanuri zetu za vigae zinachoma makaa ya mawe, hilo unalijua. Uliondoka hapa na shati lenye madoa. Mwaka jana wakajenga mnara wa kuoshea moshi. Mimi, baada ya miaka kumi na tisa ya kupanga vigae, nikakabidhiwa mnara huo, tunapokezana zamu na mwenzangu mmoja mwembamba kama uzi. Wenzetu wanatuita madobi wa moshi. Moshi unaingia kwa chini na kupanda. Kule juu kuna vitundu vinavyomwaga maji ya chokaa kama mvua. Vumbi linalowa na kuanguka. Ile hewa kali ya salfa inayotoka kwenye makaa, ile inayowasha koo, inanaswa na chokaa na kugeuka tope jeupe. Kinachotoka juu ya bomba ni mvuke, mweupe kama pamba.

Siku ya kwanza nilimsimamisha mama uani nikamwonyesha bomba kana kwamba nimelijenga kwa mikono yangu. Alifurahi. Kwa miezi miwili nguo zilikauka bila madoa, na kifua chake kikatulia hata akaanza kuimba akichambua mchele. Ukimsikia anaimba unajua ni mzima, maana sauti yenyewe si ya kusikilizwa bila sababu.

Kisha kikohozi kikarudi. Mimi na ujuzi wangu wa miezi miwili nikamweleza kwamba moshi umekwisha, atazame bomba, ni mvuke mtupu, pengine ni mafua tu. Akanitazama kama anavyomtazama muuza nyanya mwongo. Barua yako ilipofika, hata kabla sijamsomea, mama alikuwa ameshakunja nguo zake nusu aje kwako. Dada yako alikuwa halii, ila alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa, nawe unamjua.

Asubuhi moja tuko mezani, mama akaweka kikombe chini.

“Mkwe wangu, nikuulize kitu. Wiki ukienda kazini asubuhi, mimi nakohoa asubuhi. Wiki ukienda mchana, nakohoa mchana. Juzi ulipougua jino ukabaki nyumbani, sikukohoa kabisa. Hiki kikohozi ni changu au ni chako?”

Dada yako akacheka hadi chai ikampalia. Mimi sikucheka. Nilisukuma kikombe pembeni, kwa sababu pale pale nilijua.

Nikueleze aibu yangu. Chokaa ina tabia ya kugandana kwenye vile vitundu kama ukoko kwenye sufuria. Vikiziba, aliye zamu anapanda ngazi ya chuma akavizibue. Ngazi hiyo ina vidato arobaini na viwili, na mimi urefu unanitia kizunguzungu hata nikipanda kiti kubadilisha balbu. Mwenzangu anapanda kama tumbili, na miezi ile miwili ya mwanzo alinipandia mimi pia tukipokezana. Mimi nikagundua ujanja: nikifungua zamu kwa maji matupu, saa tatu za mwanzo bila chokaa, vitundu haviwahi kuziba mikononi mwangu. Nikatazama juu, bomba jeupe vile vile. Nikajiona mhandisi. Kumbe maji matupu yanashika vumbi vizuri, ndiyo maana weusi haukuonekana. Ile hewa kali haina rangi, Shemeji. Maji yanaishika kidogo tu, yakishakuwa makali yanaiachia ipite. Ilikuwa inapita mbele ya macho yangu na kushuka moja kwa moja uani kwa mama mkwe wangu.

Siku hiyo hiyo nilimwomba dada wa maabara aje na karatasi zake za kupimia ukali wa maji. Akachovya moja kwenye maji yangu ya saa ya pili. Ikawa nyekundu.

“Haya si maji, haya ni siki,” akasema. “Nani alikwambia ufunge chokaa?”

Nikasema ni tumbo langu pamoja na woga wangu, wameshirikiana. Ukaguzi wa bomba hufanyika kila Ijumaa jioni, saa ambazo chokaa yangu huwa imeshafunguliwa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Nikaenda kwa msimamizi nikatapika yote. Nilidhani nitarudishwa kwenye vigae. Alifunga daftari lake la zamu kwanza. Halafu akasema nitaendelea na mnara, ila kwa mwezi mzima vitundu nitavizibua mimi peke yangu, viwe vimeziba au havijaziba. Shemeji, nimepanda ile ngazi mara ishirini na sita. Mara ya kwanza nilifika kidato cha kumi na tano nikakumbatia chuma, nikaomba dua zote ninazozijua na mbili za kutunga. Mwenzangu chini ananiambia, “Kaka, usitazame chini!” kisha ananiuliza kama naiona nyumba yake.

Kwa mama ilikuwa vigumu zaidi. Nilimweleza jioni hiyo, bila kupunguza neno. Akasikiliza, mikono mapajani.

“Kumbe moshi nilikuwa nampakulia wali,” akasema. Kesho yake alinipa chai kama kawaida, ila bila sukari, kwa siku nne.

Sasa ni wiki ya sita chokaa inafunguliwa tangu dakika ya kwanza, na karatasi inachovywa kila saa. Mama amerudi kuimba. Sitakudanganya: daktari amesema mapafu yake si ya msichana, na kukiwa na baridi bado anakohoa kidogo. Lakini kile kikohozi cha zamu kimekwisha. Kila zamu inapoanza anasimama uani, anavuta hewa polepole kama anayeonja mchuzi, na msimamizi mwenyewe siku hizi hunisimamisha langoni kuuliza, “Mama amesemaje leo?”

Nilipomsomea barua yako aliniomba niisome mara ya pili. Mwishowe akasema, “Mwambie mwanangu asije kunichukua. Aje kuniona.”

Mimi siwezi kumzuia, Shemeji. Alikuwa mama yako kabla hajawa mama yangu, na mwenye kosa ni mimi. Ukija ukaona bado inafaa aondoke nawe, nitabeba mizigo yake hadi kituoni, na usinicheke nikilia. Ninaloomba ni moja: njoo ile wiki nitakayokuwa zamu ya asubuhi, usimame naye uani, uvute hewa mwenyewe.

Nisalimie mkeo, na mwanao wa kwanza mwambie mjomba wake anauliza ile suruali mpya ya shule kama bado ina magoti. Mfikishie salamu shangazi mnayekaa naye jirani. Dada yako anakusalimu na anasema uandike kwa mwandiko unaosomeka. Mungu akulinde, akupe pumzi ndefu na safari njema.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata ukija kuninyang’anya mama,

Dobi wa Moshi