Mguu Mzima Uliolazwa Kitandani

Jumatano, tarehe 11 Machi. Asubuhi ya mawingu mazito, mvua hakuna.

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla hawajaniua kwa upendo. Mimi ni msusi, kazi yangu ni kusimama, na kwa kusimama huko miguu yangu imeota vishipa vyekundu na vya buluu, vimetambaa kama utando wa buibui, haviumi wala haviwashi, ila wifi yangu aliviona nikianika nguo akasema, "Wifi, nani kakuchora ramani ya mito?" na watoto wakacheka, basi nikaenda kliniki kimya kimya, daktari akanichoma visindano vya dawa ya kuvikausha, mguu wa kushoto kwanza, akanivalisha soksi ndefu ya kubana, akasema nitembee kila siku na nisiukande kwa maji ya moto.

Kilichoniponza ni ulimi. Mume wangu alipoiona soksi niliona haya kusema ni urembo, nikamwambia mishipa imeoza. Akampigia mama yake. Mama mkwe akaingia jioni hiyohiyo na begi kubwa, akaniamuru nilale. Nikienda msalani ananisindikiza: "Polepole, mwanangu, uozo usije ukapanda moyoni!" Jana kachemsha maji ya kunikanda, nikajifanya nimesinzia. Wifi, yuleyule wa ramani, analia mlangoni akiomba radhi. Sasa palipochomwa pamevilia damu, pabaya kuliko mwanzo, na shavu la mguu limeanza kukaza kwa kulala. Nikisema kweli nitachekwa hadi kaburini, nikinyamaza nitauharibu mguu uliokuwa mzima. Nifanyeje?

Jana nilipata usingizi saa saba usiku, mama mkwe akiwa ameukumbatia mguu.

Msusi Niliyelazwa

*

Msusi, mwanangu,

Nimecheka, kisha nikakasirika. Wewe unalipwa kuwapendezesha wenzako kutwa nzima, halafu unaona haya kupendeza mwenyewe? Mguu ni wako, hukuuazima kwa mtu. Lakini "imeoza"! Kinachooza ni nyama buchani. Umemtia kiwewe mume, umemtoa mama wa watu kwake, na sasa unalalamika kwamba wanakuuguza mno.

Nisikilize. Daktari hakukuambia utembee ili upunge upepo. Alitaka damu isigande kwenye mishipa mikubwa, na wewe umelala kama gogo kwa kuogopa kuchekwa. Kuvilia damu baada ya sindano hizo ni kawaida, kutafifia taratibu. Kukaza kwa shavu la mguu ni habari nyingine kabisa. Rudi kliniki leo, wakupime. Likivimba, au pumzi ikikubana, kimbilia hospitali, usingoje kukuche.

Wifi mwache alie kidogo, anastahili. Kisha msamehe.

Mama mkwe nenda naye, maana hatakubali kubaki. Usimwachie daktari akusemee. Mwambie mkiwa njiani, kwa kinywa chako: "Mama, sikuwa mgonjwa, nilitaka miguu mizuri." Atafoka. Atakuita mwendawazimu, tena kwa sauti, na wapita njia watageuka. Mwache afoke. Kisha atatazama kulia na kushoto, na kama nawajua wanawake wa umri wangu, atainua pindo la gauni lake kidogo na kukuuliza kama daktari huyo anapokea na vikongwe.