Jiwe la Shimo la Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Juni

Umerudi! Wiki sita, bibi wewe, hujagusa daftari hili. Ulikuwa wapi? Usiniambie mgongo. Usiniambie nguo zilikuwa nyingi. Mdomo wa kumgombeza kila mtu unao, kalamu ndiyo inakushinda. Mjukuu alihangaika na wewe pale jikoni, yeye ana miaka kumi, wewe una mvi, akikuandikisha herufi nyuma ya kadi zake za gofu. Halafu unamlipa hivi? Aibu!

Haya, andika.

Mjukuu anaacha gofu. Kiwiko kimegoma. Miaka kumi na tano ya kulipwa, vikombe kumi na kimoja, na vyote nimevisugua kwa mikono hii. Kapiga simu: Bibi, nimechoka kugombana na kiwiko, narudi. Nikamwambia njoo ule, kwenye televisheni umebaki shingo tu. Nikacheka. Nikafurahi.

Halafu akaniambia habari ya jiwe. Klabu wanataka kuweka jiwe la kumbukumbu shimo la kumi na saba, pale mpira wake ulipotua siku ile aliyopata nafasi ya kucheza kwa kulipwa. Jumamosi wanalizindua. Na wa kumwonyesha fundi mahali penyewe ni mimi — si nilikuwepo, naanika taulo za klabu?

Nikasema simu inakatika. Ilikuwa haikatiki.

Jumanne, 4 Juni

Jana uliishia njiani. Malizia.

Uwanja wetu wa kuanikia umepakana na shimo hilo. Katikati kuna nguzo nyeupe, fupi fupi kama meno ya mtoto. Mpira ukivuka nguzo, umekufa. Mchezaji anarudi alikotoka, anapiga tena, na adhabu juu. Hilo nalijua hata mimi nisiyekanyaga darasa. Nimefua hapa miaka thelathini na minne.

Siku ile mpira wa mjukuu ulivuka. Ukagonga beseni langu, ukatulia kando ya mfereji wa maji ya sabuni. Hatua tatu nje. Watu wote walikuwa mbele, huku niko peke yangu. Nikamwona anakuja kwa mbali, kofia imemzidi kichwa. Nikauokota kwa taulo, nikauweka ndani, kwenye majani. Nikarudi kuanika. Mikono haikutetemeka hata kidogo! Hilo ndilo linaloniuma.

Akafika, akaukuta ndani, akapiga. Hakujua. Hajui mpaka leo.

Alishinda kwa pigo moja. Angerudi nyuma, mapigo mawili yangemwongezekea, na kwenye gofu mwenye mengi ndiye anayeshindwa. Na nafasi ya kwenda kucheza kwa kulipwa ilikuwa moja tu. Wa pili alikuwa binti wa shoga yangu mpiga pasi. Shoga huyu huyu ninayeshinda naye chumba kimoja.

Jumatano, 5 Juni

Shoga anapiga pasi vitambaa vya meza vya Jumamosi. Kaniangalia: Mwenzangu, mjukuu wako anawekewa jiwe na wewe umekunja uso kama umelamba ndimu? Nikasema jino. Akaenda mwenyewe kuniletea maji ya chumvi. Nikasukutua, nifanyeje? Jino zima kabisa.

Binti yake kapita na wanafunzi wake. Anafundisha watoto kushika fimbo. Mabega yale, mpigo ule — bado ni mzuri kuliko wote hapa. "Shikamoo, mama." Nikamwitikia marahaba nimeinamia beseni.

Alhamisi, 6 Juni

Nimevuta droo. Ukurasa wa gazeti bado uko chini, nimeulaza kifudifudi. Ni habari ya mjukuu: mwaka fulani, mashindanoni, mpira wake ulisogea kwenye majani, unywele tu, hakuna aliyeona. Akanyoosha mkono, akajihukumu mwenyewe pigo la adhabu, kikombe kikaenda kwa mwingine. Waandishi wakamuuliza nani kakufunza hivyo. Akasema: bibi yangu, dobi, hana mchezo na uongo.

Nimerudisha droo. Leo sitaki kuandika.

Ijumaa, 7 Juni

Fundi alikuja asubuhi na toroli. Bibi, nionyeshe upesi, saruji itanikaukia. Akaanza kuchimba upande wa ndani wa nguzo bila kungoja. Nikampita. Nikaenda mpaka mferejini, nikasimama.

"Hapa."

Akacheka. "Bibi, hapo si kwenye maji ya sabuni?"

"Wewe umeitwa kuchimba au kucheka?"

Akachimba. Jiwe limekaa sawa. Hatua tatu nje.

Mjukuu amefika saa tisa. Kanikumbatia mpaka kilemba kikanivuka. Kamkumbatia na shoga. Mkono wa kushoto haunyooki vizuri, nimeuona. Twende ukanionyeshe, bibi. Nikamwambia tangulia, nina taulo kwenye maji. Mwoga mkubwa mimi!

Naandika nimesimama, juu ya meza ya pasi. Namwona dirishani. Amefika kwenye jiwe. Anatabasamu bado. Sasa anatazama nguzo. Amerudi nguzoni, anapima kwa hatua — moja, mbili, tatu. Amerudia. Amevua kofia.

Shoga ameinua pasi, naye anachungulia. "Eh! Mbona wamelikosea mahali?"

"Hawajalikosea."

"Liko nje, mwenzangu."

"Siku ile mpira ulikuwa nje. Niliuingiza mimi."

Pasi bado iko hewani mkononi mwake. Kitambaa cha meza kimeteleza sakafuni na hakuna anayekiokota. Mjukuu anakuja, anakata katikati ya kamba za nguo, hainamii taulo, zinampiga usoni —

Bibi, ukirudi kwenye daftari hili, anza na neno la kwanza la mjukuu, vile vile lilivyotoka. La shoga lifuate. Usijipambe.